Emin Pasha: daktari aliyekosa ruhusa kwao, akatawala kutoka Wadelai

Kwa muuguzi au daktari aliyesomea nchi moja na kutaka kazi katika nchi nyingine, jambo gumu mara nyingi si ujuzi bali karatasi. Mtu mmoja aliyewahi kuishi West Nile, katika nchi ambayo leo ni Uganda, alianza safari yake kwa shida hiyo. Tofauti ni kwamba yeye alinyimwa ruhusa na nchi iliyomzaa.

Mwaka 1864 Eduard Schnitzer, kijana wa miaka 24, alikuwa amemaliza masomo ya udaktari. Alisomea Breslau na Königsberg, akamalizia Berlin. Shahada alikuwa nayo. Lakini katika ufalme wa Prusia shahada ya chuo kikuu haikutosha kumfanya mtu aitwe tabibu mbele ya sheria. Ilibidi kwanza afaulu mtihani wa serikali, ndipo aandikishwe na kuruhusiwa kutibu. Taratibu za mtihani huo zilimpita, na alipotaka kuingia, mlango ulikuwa umefungwa. Akawa daktari asiye na haki ya kumpima mgonjwa hata mmoja katika mji wa mama yake.

Wasomaji wengi wanaijua hali hiyo. Muuguzi aliyefanya kazi miaka kumi katika wodi ya wazazi mjini Manila, Nairobi au Kampala huambiwa, akifika ugenini, alete uthibitisho wa chuo, wa baraza lililomsajili, wa saa alizofanya mafunzo na wa lugha. Na mpaka vyote vikubaliwe hana ruhusa ya kushika sindano. Ufilipino imekuwa ikipeleka wauguzi wake ng'ambo kwa miongo mingi, na Kenya ilitia saini makubaliano ya namna hiyo na Uingereza mwaka 2021. Schnitzer hakuwa na serikali ya kumtilia saini. Alifunga mizigo yake akaondoka, kwa njia ya Vienna na Trieste, akielekea kwa Waturuki.

Mtoto wa Oppeln

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 mjini Oppeln, Silesia, mji ambao leo unaitwa Opole na uko kusini mwa Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na baba yake alikuwa mfanyabiashara. Familia ilihamia Neisse yeye akiwa bado mdogo. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka mitano, mama akaolewa tena na Mkristo, na watoto wakabatizwa. Kwa hiyo dini yake ilibadilishwa mara moja kabla hajafikia umri wa kuulizwa. Baadaye angebadilisha jina, nchi na bendera kwa wepesi ambao watu waliozaliwa na kuzikwa mahali pamoja huona vigumu kuuelewa.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Antivari, bandari ndogo ya bahari ya Adriatiki iliyokuwa chini ya Dola ya Uthmania, leo mji wa Bar katika Montenegro. Hapo alitakiwa mtu anayejua tiba na aliye tayari kukaa. Schnitzer alipewa kazi ya karantini, kukagua vyombo na abiria wasije wakaingiza maradhi nchini. Usiku alijifunza lugha: Kituruki, Kialbania, Kigiriki. Kipaji hicho cha lugha ndicho kilichomlisha maisha yake yote, pengine kuliko tiba yenyewe.

Kuanzia mwaka 1870 alimtumikia gavana mmoja wa Kituruki, Ismail Hakki Pasha, akazunguka naye katika majimbo ya dola hiyo. Gavana alifariki mwaka 1873. Kinachofuata hakimpi sifa yoyote. Alimchukua mjane wa bwana wake pamoja na watoto, akawapeleka Neisse na kuwajulisha kwa jamaa zake kama mke na watoto wake. Mwezi wa Septemba 1875 alitoweka bila kuaga. Wapo waandishi wanaojaribu kumtetea kwa kusema alielemewa na madeni na aibu. Huenda. Lakini mwanamke yule aliachwa katika mji wa wageni, na wagonjwa wote ambao Schnitzer aliwatibu baadaye hawalifuti jambo hilo.

Hakim wa Lado

Desemba mwaka huohuo alifika Khartoum. Hapo aliacha kuwa Schnitzer na kujiita Mehmet Emin. Emin ni matamshi ya Kituruki ya Amin, yaani mwaminifu, jina lilelile ambalo karne moja baadaye lingejulikana duniani kote kwa sababu ya mwanajeshi mwenye asili ya Koboko. Wengi walimchukulia kuwa Mwislamu, naye hakuwasahihisha. Alianza kuwatibu watu, akakusanya mimea na ndege na kuwatuma kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya.

Habari zake zilimfikia Charles Gordon, Mwingereza aliyekuwa akitawala Jimbo la Ikweta kwa niaba ya Khedive wa Misri. Jimbo hilo lilifuata Mto Nile kutoka sehemu za Sudan Kusini ya leo hadi Ziwa Albert, likishika pande za Wabari, Wakakwa, Wamadi na Waalur. Gordon alihitaji daktari mkuu, wala hakuuliza kama mtihani wa Berlin ulifanyika. Mei 1876 Emin alifika Lado, makao makuu ya jimbo, kuchukua cheo ambacho Prusia isingempa hata cha chini yake.

Kazi ilizidi tiba. Gordon alimtuma kwa Kabaka Mutesa wa Buganda na kwa Omukama Kabarega wa Bunyoro, na kote huko upole wake na bidii yake ya lugha vilimfungulia milango. Kabarega, ambaye aliwachukia wajumbe wa Misri kwa sababu za haki kabisa, alielewana naye. Mwaka 1878 Khedive alimpa ugavana wa jimbo zima pamoja na cheo cha Bey. Daktari asiyesajiliwa akawa mtawala wa nchi yenye ngome kandokando ya mto, meli mbili ndogo za mvuke, na askari wengi ambao mishahara yao ilikuja mara chache au haikuja kabisa.

Hata baada ya kuwa gavana aliendelea kuwaona wagonjwa. Mfamasia Vita Hassan, Myahudi kutoka Tunis, alikuwa naye kwa miaka mingi, na vitu walivyohitaji vilipokosekana walitafuta vingine papo hapo. Emin alikuwa na macho mabovu, hivi kwamba alilazimika kusogeza karatasi karibu na pua. Hata hivyo aliandika kila siku: joto la hewa, urefu wa mto, maneno ya lugha, vipimo vya mbawa za ndege. Shomoro mmoja mwekundu wa Afrika Mashariki bado anabeba jina lake katika vitabu vya sayansi, na vivyo hivyo aina moja ya panya buku wa msituni. Kuna pia ndege aina ya mbwigu aliyeitwa kwa cheo chake, gavana.

Isisahaulike, hata hivyo, jimbo hilo lilikula wapi. Emin aliwafukuza wafanyabiashara wengi wa watumwa waliozoea kufanya watakavyo, na alichukia biashara yao. Lakini ngome zake zilihitaji nafaka na ng'ombe, na askari walivichukua vijijini kwa nguvu. Katika nyumba za askari hao walikuwamo wanawake na vijana waliotekwa kutoka jamii za hukohuko. Kwa mwanakijiji wa Kikakwa au wa Kimadi, tofauti kati ya serikali nzuri ya Emin na serikali mbaya iliyomtangulia ilikuwa ndogo kuliko inavyoonekana katika vitabu vya Ulaya.

Wadelai

Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza Mahdi nchini Sudan, na ndani ya miaka miwili njia ya Khartoum ilikatika. Januari 1885 Khartoum ilianguka na Gordon akauawa. Emin hakuwa tena na mkubwa wa kumwamuru, wala mshahara, wala dawa kutoka Misri. Alirudi nyuma kuelekea kusini na kuweka makao yake Wadelai, kando ya Nile, katika wilaya ambayo leo ni Pakwach, safari ya saa chache kwa gari kutoka Arua.

Aliishi huko kama mtu aliyesahauliwa, na kwa namna ya ajabu alionekana kuridhika. Askari walilima pamba na kujifumia nguo, wakatengeneza viatu na sabuni. Alikuwa ameoa mwanamke wa Kihabeshi, Safaran, akamzalia binti aliyeitwa Ferida. Mama alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana. Barua zilipita kwa shida Bunyoro na Buganda hadi Zanzibar. Alikuwa Mjerumani aliyefikiri kwa Kijerumani, anayetawala kwa Kiarabu, kwa jina la Kituruki, kwa niaba ya Misri iliyokuwa imeshamwacha. Katika miaka hiyo Misri ilimpandisha cheo kuwa Pasha, jambo ambalo halikumgharimu mtu yeyote senti moja.

Rafiki yake, mpelelezi Wilhelm Junker, alifika Zanzibar mwishoni mwa mwaka 1886 akiwa na habari kwamba Emin bado yuko hai. Ulaya, iliyokuwa ikijuta kwa kumwacha Gordon afe, ilishikwa na hamu kubwa ya kumwokoa huyu mwingine. Fedha zilichangwa, na kazi akapewa Henry Morton Stanley. Mwaka 1887 Stanley aliondoka Zanzibar na mamia ya wapagazi wa Kiswahili, pamoja na Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, akazunguka Afrika kwa meli hadi mdomo wa Mto Kongo, kisha akaingia msitu wa Ituri. Msitu uliwamaliza watu wake kwa njaa, vidonda na mishale.

Walipokutana kando ya Ziwa Albert tarehe 29 Aprili 1888, mwokoaji alikuwa amechakaa na watu wake ni mifupa mitupu. Aliyekuja kuokolewa alishuka kutoka meli yake ya mvuke akiwa nadhifu, na ndiye aliyewaletea wageni chakula na nguo. Emin aliomba risasi na bidhaa, si kuondolewa. Stanley hakuwa amekuja mbali hivyo ili arudi mikono mitupu.

Waliovunjika moyo zaidi ni askari. Kwao barabara ya Misri ilipita Khartoum. Walipoambiwa kwamba sasa inapita kusini hadi bahari ya Zanzibar, walishuku kwamba wanapelekwa kuuzwa. Agosti 1888 waliasi na kumfunga gavana wao huko Dufile, pamoja na Arthur Jephson, msaidizi wa Stanley. Miezi mitatu alikaa kifungoni. Majeshi ya Mahdi yalipowashambulia, waasi hao hao waliilinda Dufile kwa ushujaa na wakamwachilia mateka wao. Hawakuwa wamemchukia. Walikataa tu kuamini kwamba mtu aliyekaa nao miaka kumi na miwili angekubali kuondoka.

Naye alisitasita mpaka akamchosha kila mtu. Aprili 1889 msafara uliondoka kandokando ya ziwa bila askari wake wengi. Karibu nusu ya watu wake waliomfuata, wengi wao wanawake, watoto na watumishi, hawakufika pwani.

Dirisha la Bagamoyo

Tarehe 4 Desemba 1889 waliingia Bagamoyo. Usiku huo Wajerumani, waliokuwa wanaanza kuikalia pwani hiyo kwa silaha, waliwaandalia karamu. Emin, ambaye macho yake hayakuwa yakimwonyesha mbali, alitoka chumbani kupitia dirisha alilolidhania kuwa mlango wa roshani. Alianguka hadi barabarani na kuumia vibaya kichwani. Thomas Parke, daktari wa msafara, alimhudumia, kisha akabaki hospitalini wiki nyingi. Stanley alikwenda Misri kuandika kitabu chake bila yule aliyekuja kumchukua.

Emin angeweza kurudi Ulaya na kushangiliwa. Nchi ambayo miaka 25 kabla haikumkubali hata katika mtihani sasa ilimwita shujaa wa taifa. Badala yake alikubali kuitumikia Ujerumani, na Aprili 1890 alirudi bara akiongoza msafara pamoja na Dakta Franz Stuhlmann. Alipandisha bendera ya Kijerumani Tabora, na mwaka huohuo akaanzisha kituo cha Bukoba kando ya Ziwa Viktoria. Sehemu hii ya maisha yake haipendezi kuisoma kutoka Afrika. Alikuwa sasa mfanyakazi wa ukoloni, bila kisingizio cha Khedive.

Lakini hakukaa Bukoba. Kinyume na maagizo aliyopewa alivuka mpaka na kuelekea kaskazini-magharibi, kwenye nyanda za juu za Ziwa Albert, kuwatafuta askari wake wa zamani. Wachache tu walimfuata. Mkubwa wao, Selim Bey, alisema yeye ni mtu wa Khedive na hatafuata bendera nyingine. Pengine huo ndio uaminifu ambao Emin aliubeba katika jina lake, na hapo alikuwa akiuona kwa mwingine.

Kisha ndui ikaingia kambini. Desemba 1891 Emin alifanya uamuzi unaoeleza zaidi kuliko vyeo vyake vyote. Alimwamuru Stuhlmann awachukue wazima na kurudi nao Bukoba. Yeye mwenyewe, akiwa karibu kipofu, alibaki na wagonjwa. Hapakuwa na gavana hapo, wala Pasha, wala bendera ya kupandisha. Palikuwa na tabibu na watu wenye ndui, na kazi ile ile aliyoisomea Berlin.

Waliopona walipoweza kutembea, aliingia nao msitu wa Kongo akielekea magharibi. Nchi hiyo ilikuwa karibu na vita kati ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Manyema. Mwezi wa Oktoba 1892, katika kijiji cha chifu Kinena, watu waliotumwa na mfanyabiashara mkubwa Kibonge walimkamata akiwa mezani pake na kumkata kichwa. Alikuwa na umri wa miaka 52. Maofisa wa Dola Huru ya Kongo waliwasaka wahusika baadaye na kuwanyonga.

Waliobaki

Ferida alilelewa Ujerumani na shangazi yake. Vitu ambavyo baba yake aliviandika na kuvikusanya viligawanyika kati ya majumba ya makumbusho na maktaba.

Septemba 1891, kabla Emin hajauawa, Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Kiingereza alifika nyanda za Ziwa Albert na kumkuta Selim Bey na watu wake. Alimpa ahadi kwamba ruhusa ya Khedive ingeombwa, na Selim akakubali kushuka naye Uganda akiwa na watu zaidi ya 8,000, wengi wakiwa familia za askari. Hao ndio walioifanya Uganda kuwa himaya ya Uingereza kwa bunduki zao, na mwaka 1897 waliasi kwa sababu ya mishahara midogo na safari zisizoisha. Askari wengine waliobaki mtoni waliingizwa katika majeshi ya Dola Huru ya Kongo. Ardhi ya West Nile yenyewe ilikuwa chini ya Mfalme Leopold hadi mwaka 1910, ikapelekwa Sudan, kisha Uganda mwaka 1914, mwaka ambao Arua ilianzishwa kama makao ya wilaya.

Vizazi vya askari hao huitwa Wanubi. Lugha yao, Kinubi, ilizaliwa katika ngome za Jimbo la Ikweta kutoka Kiarabu cha askari na lugha za kando ya Nile, na leo inasemwa Arua, Koboko, Bombo na hata Kibera jijini Nairobi, mtaa ambao jina lake ni neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Kwa miongo mingi nchini Kenya Wanubi walihangaika kupata vitambulisho, wakiulizwa babu zao walitoka wapi. Uganda iliwataja katika orodha ya jamii za wenyeji kwenye katiba yake ya mwaka 1995, zaidi ya miaka 100 baada ya Selim Bey kushuka kutoka nyanda za Ziwa Albert.